Nani Alishika Kiasi? Baruti ya Mkono na Risasi ya Kiwanda katika Historia ya Uwindaji wa West Nile

Nyumbani kwetu Ajia, bibi yangu alikuwa akiweka ugoro wake ndani ya ganda la risasi. Lilikuwa ganda kubwa la shaba, refu kuliko kidole changu cha kati, lililozibwa kwa kipande cha gunzi la mahindi. Maandishi ya kitakoni yalikuwa yamefifia kwa kushikwashikwa, lakini neno KYNOCH lilisomeka. Bibi alisema alipewa na mama mkwe wake, na kwamba lilitoka siku za wazungu wa tembo. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kumiliki bunduki ya kulitumia. Kwetu lilikuwa kikopo tu.

Nililikumbuka ganda hilo katika semina ya historia ya Afrika Mashariki. Tulikuwa tukijadili biashara ya pembe za ndovu, na mwenzangu mmoja akasema kwamba wawindaji wa Kiafrika waliendelea kutumia gobori mpaka karne ya 20 kwa sababu hawakuwa tayari kwa silaha za kisasa. Wengi waliafiki. Mimi nilinyamaza, si kwa kuwa nilikubali, bali kwa kuwa sikuwa na hoja. Insha hii ni jibu langu la kuchelewa.

Hoja yangu ni kwamba tofauti kati ya mwindaji aliyejaza bunduki yake kwa mkono na yule aliyenunua risasi iliyokwisha kujazwa kiwandani haikuwa tofauti ya akili wala ya ujuzi. Ilikuwa tofauti ya nani aliruhusiwa kununua nini. Nitaanza na maneno, kwa sababu Kiswahili kimehifadhi historia hii vizuri, kisha nitakuja kwenye sheria, na mwishowe kwenye ardhi ya West Nile yenyewe.

Ushahidi wa maneno

Kamusi za zamani za Kiswahili zina orodha ndefu ya aina za bunduki. Kuna bunduki ya mrao, inayowashwa kwa utambi wa moto. Kuna bunduki ya gumegume, inayotoa cheche kwa jiwe. Kuna bunduki ya fataki, ambayo nyundo yake hupiga kikombe kidogo chenye dawa ya kulipuka. Gobori ni jina la jumla la bunduki inayojazwa kwa mdomoni. Halafu kuna bunduki ya viasi, inayofunguliwa nyuma na kutiwa risasi iliyo kamili ndani ya ganda lake.

Neno la mwisho ndilo lililonivuta. Kiasi ni kipimo. Mpishi hutia chumvi kwa kiasi, na mtu mwenye kiasi ni mtu asiyepita mpaka. Lakini katika Kiswahili cha karne ya 19 kiasi kilikuwa pia risasi nzima: ganda, fataki, baruti na kichwa chake. Waswahili walikipa kitu hicho jina la kipimo kwa sababu hicho ndicho kilichokitofautisha na mambo yote ya zamani. Ndani yake baruti ilikuwa imekwisha kupimwa. Mwenye bunduki hakupima tena. Aliyepima alikuwa mtu mwingine, mbali, katika mji ambao mwindaji hangeuona maishani.

Kwa mwenye gobori mambo yalikuwa kinyume. Alibeba baruti katika pembe, akamimina kadiri alivyoona inafaa. Akatia kitambaa au nyuzi za magome, akashindilia kwa mdeki, akadondosha risasi ya madini ya risasi au kipande cha chuma kilichofuliwa na mhunzi, akashindilia tena. Mwisho akaweka fataki juu ya kifa, au akanyunyiza baruti kidogo kwenye sahani ya gumegume. Kazi hiyo yote ilichukua muda ambao tembo aliyejeruhiwa hakuwa tayari kuutoa. Kwa hiyo mwindaji wa gobori alilazimika kunyemelea karibu sana, kwa hatua chache, akijua upepo na akijua mnyama, kwa sababu alikuwa na mlio mmoja tu.

Kupima huko kulikuwa ujuzi wa hatari. Baruti kidogo mno humkasirisha mnyama bila kumuua. Baruti nyingi mno hupasua mtutu na kuondoka na vidole vya mwenyewe. Baruti iliyopata unyevu wa mvua hainguruma kabisa. Hapakuwa na kiwanda cha kulaumiwa wala duka la kurudishia mzigo. Nasema hivi mapema ili nisionekane nasifia gobori kuliko inavyostahili.

Tena gobori halikumfanya mwindaji awe huru moja kwa moja. Katika misafara ya pembe iliyotoka pwani, mwindaji stadi aliitwa fundi. Mara nyingi bunduki na baruti hazikuwa zake; alipewa na tajiri, naye akadaiwa pembe. Baruti yenyewe ilikuja kwa meli. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Basi aliyejaza kwa mkono alishika kipimo, lakini hakushika chanzo.

Sheria iliyogawa bunduki

Sasa nije kwenye swali la semina yetu. Kwa nini gobori lilidumu?

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya, pamoja na mengine yakiwemo Marekani, Zanzibar na dola ya Uthmaniya, yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Mkataba huo unakumbukwa zaidi kwa kupiga vita biashara ya watumwa. Lakini ndani yake kuna vifungu vya silaha ambavyo wanafunzi wengi hatuvisomi. Vilikataza kuingiza bunduki, hasa zile zenye mifuo ndani ya mtutu na zile zilizoboreshwa, pamoja na viasi vyake, katika eneo la Afrika lililo kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini mwa ikweta. Ajia iko kwenye digrii ya 3 kaskazini hivi. Tulikuwa katikati kabisa ya eneo hilo.

Mkataba uliacha mlango mmoja. Serikali za kikoloni ziliweza kuruhusu bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa maneno mengine, sheria ilimwachia Mwafrika bunduki ya kujaza kwa mkono na kumfungia risasi ya kiwanda. Mzungu mwenye kibali aliweza kuingia na vyote viwili.

Sababu ya kuchagua mstari huo iko wazi. Bunduki ya mifuo na viasi hupiga mbali, kwa haraka, na ndiyo iliyoshinda vita vya kuligawa bara hili. Wakoloni hawakutaka ikae mikononi mwa watu waliokuwa wakijiandaa kuwatawala. Hilo halitokani na imani kwamba Waafrika hawawezi kuitumia. Linatokana na hofu kwamba wanaweza.

Na ushahidi wa kuweza upo. Kabarega wa Bunyoro, jirani yetu wa ng'ambo ya Ziwa Albert, alikusanya bunduki za kujazwa nyuma kwa ajili ya askari wake na akapambana na Waingereza kwa miaka mingi hadi alipokamatwa mwaka 1899. Charles Stokes, mfanyabiashara wa Ireland aliyekuwa akipeleka silaha maeneo ya maziwa, alinyongwa mwaka 1895 na ofisa wa Dola Huru ya Kongo kwa tuhuma za kuuza silaha kwa maadui wa dola hiyo. Mtu hanyongwi kwa kuwauzia watu kitu wasichoweza kukitumia. Afrika Magharibi mfano ni mkubwa zaidi: wahunzi wa Samori Touré waliigiza bunduki za kisasa za Wafaransa na kutengeneza hata viasi vyake. Yaani Mwafrika aliyekatiwa risasi ya kiwanda aliijaza mwenyewe, hata ile ya kisasa.

Kwa hiyo yule mwenzangu alichukua matokeo ya sheria akayaita tabia ya watu. Gobori lilidumu kwa sababu ndilo lililoachwa.

Wadelai: bunduki bila risasi

Risasi ya kiwanda nayo ina utumwa wake, na West Nile ilishuhudia hilo kabla ya sehemu nyingine nyingi za Uganda. Wadelai, kando ya mto Naili, ndiko Emin Pasha alikokuwa na makao yake miaka ya 1880, akiwa gavana wa jimbo la Ekwatoria kwa niaba ya Misri. Wanajeshi wake wa Kisudani walikuwa na bunduki za Remington, silaha nzuri kwa wakati huo. Lakini Wamahdi walipoiteka Khartoum mwaka 1885, njia ya mto ilifungwa, na kila kiasi kilichofyatuliwa kilikuwa hasara isiyolipika.

Ili kumfikia, Henry Morton Stanley aliongoza msafara mkubwa kutoka upande wa pili wa bara, kupitia mto Kongo na msitu wa Ituri. Watu wake wengi, wakiwemo wapagazi walioajiriwa Zanzibar, walikufa njiani kwa njaa, magonjwa na mapigano. Alipokutana na Emin kando ya Ziwa Albert mwaka 1888, miongoni mwa vitu alivyomkabidhi ni masanduku ya risasi za Remington. Hayo ndiyo yaliyobaki baada ya safari hiyo yote. Waswahili wana msemo kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Jeshi la Ekwatoria lilikuwa na bunduki bora kuliko majirani zake, lakini lilitegemea duka lililokuwa mbali na kwao kwa maelfu ya kilomita.

Lado na mtu wa risasi ndogo

Baada ya Emin, ardhi yetu iliingia katika historia ya ajabu. Mwaka 1894 Uingereza ilimkodishia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ukanda wa magharibi ya Naili uliokuja kuitwa Lado. Makubaliano yalisema ukanda huo ungerudi baada ya kifo chake. Leopold alifariki Desemba 1909, na Lado ikakabidhiwa kwa Sudani Juni 1910. Katika miezi hiyo ya katikati utawala ulikuwa dhaifu sana, na wawindaji wa Kizungu walivuka mto kutoka Uganda kuja kuua tembo bila kibali. Sehemu ya kusini ya ukanda huo iliunganishwa na Uganda mwaka 1914, na Arua ikawa makao ya wilaya. Nadhani hao ndio "wazungu wa tembo" wa bibi.

Aliye mashuhuri kuliko wote waliowinda Lado ni W. D. M. Bell, Mskoti aliyepewa jina la Karamojo kutokana na miaka yake ya uwindaji Karamoja. Aliua tembo zaidi ya 1,000 katika maisha yake. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1923 kinasomwa bado na wawindaji wa nchi nyingi, na sababu moja ni ubishi wa risasi.

Wakati huo wawindaji wengi waliamini kuwa tembo anahitaji bunduki nzito. Kiasi cha aina ya .577 kilirusha kichwa cha risasi chenye uzito wa gramu 48 hivi. Bell alipendelea bunduki nyepesi ya milimita 7, ambayo kichwa chake kilikuwa na gramu 11 tu. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo, na akajizoeza kulenga hapo kutoka kila upande. Wengi humsifu kwa shabaha yake, na ni haki yake. Lakini yeye mwenyewe alisisitiza jambo lingine: risasi za Kijerumani za bunduki hiyo zilikuwa za kuaminika. Aina nyingine aliziacha kwa sababu ya matatizo ya risasi zenyewe, si ya bunduki.

Hapa ndipo ninapomwona vizuri mwindaji wa gobori. Bell na fundi wa pwani walikuwa na ujuzi mmoja: kujua njia ya tembo, kusoma upepo, kusogea karibu, kulenga pa kuua. Bell alipata kitu ambacho fundi hakupata, nacho ni uhakika kwamba kila kiasi kingelipuka kama kilichotangulia, na kwamba kingefuatwa na kingine kwa sekunde chache. Kilipimwa Ujerumani na watu wenye mizani na mashine. Yeye alibakiwa na kazi ya kulenga tu. Fundi wa gobori ilimbidi awe kiwanda na mwindaji kwa wakati mmoja, na sheria ilihakikisha anabaki hivyo.

Lakini tembo walilipa. Gobori lilikuwa na kiasi chake katika maana ile nyingine ya neno. Mlio mmoja, moshi mwingi, kundi linakimbia, na mwindaji ana bahati akipata mmoja. Bunduki ya viasi iliondoa mpaka huo, na mtu mmoja aliweza kuangusha tembo kadhaa kabla kundi halijajua pa kukimbilia. Mpaka uliotoka kwenye silaha ikabidi uwekwe na karatasi: kibali, ada, na idadi ya wanyama. Lado ya mwaka 1910 ilikuwa mahali ambapo risasi ya kiwanda ilikuwepo na karatasi haikuwepo.

Nani hapimiwi na mtu

Kwa jadi Walugbara hawakuwa watu wa bunduki. Waliwinda kwa upinde, mshale na mkuki. Vyuma vya silaha hizo vilifuliwa na wahunzi wa Okebu, majirani zetu waliokuwa wakiyeyusha chuma na kubadilishana jembe na vichwa vya mishale kwa mifugo na chakula. Nikitafuta mwindaji wa nchi hii ambaye kweli hakumtegemea mtu wa mbali, simwoni mwenye gobori wala mwenye viasi. Namwona huyu. Mshale wake ukipotea, mhunzi yuko kilima cha pili.

Sisemi turudi kwenye mshale. Nasema tunapopanga silaha kutoka "duni" hadi "bora", tuulize pia ni bora kwa nani na ni nani anayeweza kuzizuia. Chuma cha Okebu hakikuweza kufungiwa na mkutano wa Brussels.

Historia ya baadaye inathibitisha uzito wa swali hili. Uganda huru ilibakiza kanuni kwamba bunduki na risasi ni vya kibali, na nadhani ni sahihi. Mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, wanajeshi walikimbia kupitia West Nile kwenda Sudani na Zaire. Moroto, wananchi waliingia ghala la kambi ya jeshi na kujichukulia silaha. Kabla ya hapo Wakaramojong walikuwa wameanza kutengeneza bunduki zao kwa mabomba ya chuma. Tangu hapo wakawa na bunduki za kijeshi na risasi za kiwanda kwa wingi. Miaka ya 1960 Uganda ilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 30,000; katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama 2,000. Vifaru wetu waliisha kabisa, wakiwemo vifaru weupe wa Hifadhi ya Ajai, si mbali na Arua. Mauaji hayo hayakufanywa na wazee wenye pembe za baruti. Yalifanywa kwa risasi ambazo hakuna aliyezihesabu.

Wakati huohuo, Marekani na Ulaya, wawindaji wengi wamerudia kazi ya mkono kwa hiari. Huchukua ganda lililokwisha kutumika, hutoa fataki kuukuu na kutia mpya, hupima baruti kwa mizani ndogo, kisha hukandamiza kichwa kipya. Wanasema ni nafuu, na kwamba risasi iliyopimwa kwa bunduki moja hulenga vizuri kuliko ile iliyotengenezwa kwa bunduki zote. Na kiwanda cha Kynoch kilipoacha kutengeneza viasi vikubwa vya uwindaji kuelekea mwaka 1970, wenye bunduki hizo hawakuwa na njia nyingine. Maganda kama lile la bibi yakawa mali, yakaokotwa na kujazwa upya.

Nilipojua hilo nilicheka kidogo. Jambo lililoitwa ushamba lilipofanywa na fundi wa Unyamwezi linaitwa ustadi likifanywa na mtu mwenye meza, taa na mizani. Kazi ni ileile: kupima baruti yako mwenyewe, kwa bunduki yako mwenyewe, na kubeba lawama ikikosea. Tofauti ni kwamba huyu amechagua, na yule alichaguliwa.

Hitimisho

Kwa mwenzangu wa semina, basi, jibu langu ni hili. Gobori halikuwa dalili ya akili iliyolala. Lilikuwa silaha iliyoachwa mlangoni baada ya sheria ya mwaka 1890 kufunga chumba. Wale walioshika gobori walikuwa na ujuzi ambao Bell angeutambua mara moja, na juu yake walikuwa na ujuzi mwingine ambao Bell hakuuhitaji.

Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili nina neno moja zaidi. Siku hizi hatuiti tena risasi kiasi. Maana hiyo imelala ndani ya kamusi za zamani. Lakini bado tunasema mambo yafanywe kwa kiasi, na leo Afrika Mashariki ina viwanda vyake vya risasi, Morogoro, Eldoret na Nakasongola. Kwa hiyo mizani iko nyumbani sasa. Swali la nani anapima, kwa ajili ya nani, na nani anahesabu kilichotoka, hatuwezi tena kulipeleka Brussels.

Bibi alifariki miaka michache iliyopita. Ganda lake liko kwa shangazi, na bado lina ugoro.